Unene Sawa, Sweta Tofauti: Dhana Potofu Kuhusu Kuchagua Uzi wa Kufuma

Sweta likitoka vibaya, lawama humwangukia aliyelifuma. Mara nyingi mikono yake haina kosa lolote. Sweta liliharibika dukani, uzi ulipochaguliwa kwa rangi na bei huku maelekezo ya kufuma yakiwa yamebaki nyumbani.

"Unene ukilingana, uzi wowote unafaa"

Hii ndiyo dhana inayopoteza uzi mwingi kuliko zote. Nyuzi mbili zinaweza kulingana unene kabisa, zikaingia sindano moja, na bado zikatoa vitambaa visivyokaribiana. Sufu ya kondoo ina mawimbi ya asili: ukiivuta inarudi. Ndiyo maana mkanda wa kiunoni na wa mikononi katika sweta la sufu huendelea kubana hata baada ya kuvaliwa sana. Pamba haina uwezo huo, na isitoshe ni nzito. Sweta refu la pamba la mtu mzima huvutwa chini na uzito wake lenyewe. Mikono inarefuka, kiuno kinalegea. Alpaka, yaani uzi wa manyoya ya mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia, ina joto na ulaini wa pekee, lakini unyuzi wake ni telezi, kwa hiyo nayo hushuka.

Basi kabla ya kubadilisha uzi, angalia mtindo unataka nini. Misokoto ya suka na mikanda ya kubana inahitaji uzi unaovutika na kurudi. Blauzi nyepesi ya matundumatundu ya kuvaliwa Mombasa au Dar es Salaam inapendeza kwa pamba, maana pamba hufyonza jasho na haichomi ngozi. Shali inayotakiwa kuteremka vizuri mabegani inafaidika na ule ule utelezi wa alpaka unaoharibu umbo la sweta.

"Nikitumia sindano iliyoandikwa, vipimo vitatoka"

Havitatoka kwa sababu hiyo peke yake. Namba ya sindano ni pendekezo. Kinachotawala ni idadi ya vitanzi katika sentimita 10. Chukua maelekezo yanayosema vitanzi 22 kwa sentimita 10, na sweta lenye mzunguko wa kifua wa sentimita 100. Utaanzisha vitanzi 220. Mkono wako ukitoa vitanzi 20 badala ya 22, kifua hicho kinakuwa sentimita 110. Ukitoa 24, kinashuka hadi chini kidogo ya 92. Tofauti ni vitanzi viwili tu, na tayari sweta ni la mtu mwingine.

Fuma kwanza kipande cha majaribio, angalau sentimita 15 kila upande. Kifue kwa namna utakayofua vazi lenyewe, kikauke kikiwa kimelazwa, kisha pima katikati, kwa sababu kingo hudanganya. Vitanzi vikizidi, panda hadi sindano nene zaidi, vikipungua, shuka hadi nyembamba. Lakini kama namba inapatikana kwa kufuma kitambaa kigumu kisichokunjika, au kilicholegea hadi mwanga unapita, acha kuhangaika na sindano. Uzi huo si wa mtindo huo. Najua wengi huona kipande hiki kinapoteza muda na uzi. Kwangu hiyo ndiyo kazi yenye thamani kubwa kuliko zote katika ufumaji, na uzi wake unaweza kufumuliwa ukatumika tena.

Tahadhari kuhusu sindano zenyewe: namba 8 ya mfumo wa zamani wa Uingereza ni milimita 4, ilhali namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Amini milimita.

"Laini na wenye manyoya? Hiyo ni sufu"

Uzi mwingi unaouzwa kwa jina la sufu katika maduka yetu ni akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki. Lebo ikiwa imepotea, shika kipande kifupi kwa koleo juu ya bakuli la maji na ukiwashe. Sufu huungua polepole kwa harufu ya nywele na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha tonge gumu jeusi. Subiri lipoe kabla ya kuligusa. Utahitaji kujua, kwa sababu sufu ya kawaida ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa, magamba ya unyuzi wake hushikana na vazi kusinyaa, wala halirudi. Akriliki haisinyai hivyo, lakini pasi ya moto huilaza moja kwa moja.

"Uzi wa bei ndio bora"

Bora kwa kazi gani? Sweta la shule la mtoto wa Njombe au Limuru hufuliwa mara kwa mara na lazima likauke upesi. Akriliki nzuri inalimudu, na nondo hawaitafuni. Si uzi wa kudharauliwa.

Kadhalika uzi wa rangi nyingi mchanganyiko. Unavutia ukiwa dongeni, lakini fumia misokoto au matundu kwa uzi huo na kazi yote inamezwa na rangi. Rangi moja, isiyo nyeusi sana, ndiyo inayoonyesha ufundi. Hiyo ya madoadoa ipe mtindo ulio sahili.

"Maelekezo yanataka gramu 500, nitanunua gramu 500"

Nunua mita. Tuseme yanataka madonge 10 ya sufu ya gramu 50, kila moja mita 120: jumla mita 1,200. Wewe umechagua pamba yenye mita 85 kwa gramu 50. Madonge 10 yatakupa mita 850, na utaishiwa kabla ya mikono. Unahitaji 15. Yachukue yote siku moja, na hakikisha namba ya mkupuo wa rangi (yaani kundi la uzi uliotiwa rangi pamoja) kwenye lebo ni ile ile kwa kila donge. Mikupuo miwili ya bluu moja inaweza kufanana kabisa chini ya taa ya duka, kisha mstari ukajitokeza katikati ya mgongo juani.