Hesabu za kituoni, dukani na kwenye mkeka wa kubeti: dhana potofu na ukweli

Dhana: Daladala zikipita kila baada ya dakika 10 kwa wastani, abiria husubiri dakika 5.

Ukweli: Ni hivyo endapo tu zinapishana sawasawa, na barabarani hazipishani sawasawa. Gari lililochelewa hukuta abiria wamejazana kituoni, hukawia kupakia, na la nyuma yake, lisilo na wa kupakia, hulifikia. Ndiyo maana huja mawili yakifuatana, kisha kituo kinakuwa kimya.

Tuseme nafasi kati ya gari na gari ni dakika 2, halafu 18, halafu 2, halafu 18. Wastani bado ni 10. Lakini katika kila dakika 20, dakika 18 zimo ndani ya ile nafasi ndefu, kwa hiyo abiria 9 kati ya 10 huangukia humo, nao husubiri wastani wa dakika 9. Yule mmoja aliyebaki husubiri dakika 1. Wachanganye wote: dakika 8.2.

Unaweza kupima kituo chako. Andika saa ambayo kila gari linapita, kwa saa mbili hivi. Tafuta nafasi kati yao, zidisha kila nafasi kwa yenyewe, jumlisha, kisha gawanya kwa jumla ya nafasi zote mara mbili. Kwa mfano wetu: (4 + 324) ÷ 40 = 8.2. Usipime asubuhi ukatumia jibu hilo jioni. Foleni si ile ile.

Dhana: Wastani wa mauzo ndiyo siku ya kawaida ya duka.

Ukweli: Duka limeuza, kwa maelfu ya shilingi, 40, 45, 38, 42, 50, 44, na siku ya saba akaja mwenye harusi: 441. Wastani ni 100, kiasi ambacho siku sita hazikukikaribia. Panga kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati: 44. Hiyo ndiyo ya kuagizia mzigo wa kila siku. Wastani ubaki kwa kukadiria jumla ya mwezi, iwapo harusi huja kila wiki.

Dhana: Mechi 10 za uhakika, mkeka lazima utiki.

Ukweli: Uwezekano huzidishwa. Kila mechi ikiwa na asilimia 70 ya kwenda ulivyobashiri, 0.7 kumi zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe ni 0.028: hutiki mikeka 3 hivi katika 100. Kwa wastani mechi 3 kati ya hizo 10 huenda kinyume, kwa hiyo mkeka uliochanwa na mechi moja tu ulikuwa na bahati kuliko kawaida.