Je, wajua kwa nini sheria za kazi za kimataifa zilianza na kiberiti?

Tarehe 26 Septemba 1906, mjini Berne, Uswisi, wajumbe wa serikali za Ulaya walitia saini mikataba miwili. Mmoja ulikataza wanawake kufanya kazi viwandani usiku. Wa pili ulipiga marufuku viberiti vya fosforasi nyeupe, kemikali yenye sumu. Hii ndiyo mikataba ya kwanza iliyofunga nchi nyingi kwa pamoja kuhusu hali za wafanyakazi. Enzi hizo wachimba makaa walikuwa wakifukiwa migodini, na watoto wakisimama mbele ya mashine tangu alfajiri. Kati ya maovu yote hayo, kwa nini kiberiti?

Tuanze na ubaya wake. Kiberiti cha fosforasi nyeupe kilienea kuanzia miaka ya 1830, na wateja walikipenda: kilikuwa rahisi, na njiti yake iliwaka ukiikwaruza popote, ukutani hata kwenye soli ya kiatu. Lakini waliochovya njiti hizo kiwandani, wengi wao wanawake, wasichana na watoto, walivuta mvuke wa fosforasi kutwa nzima. Ugonjwa ulianza kama maumivu ya kawaida ya jino. Kisha fizi zilivimba, usaha ukatoka wenye harufu ambayo hata ndugu wa mgonjwa walishindwa kuivumilia, na mfupa wa taya ukaoza ungali mwilini. Mara nyingi dawa ilikuwa moja tu, kuukata mfupa huo. Aliyepona aliishi na uso ulioharibika, na wengine hawakupona.

Daktari Lorinser wa Vienna alieleza ugonjwa huu kwa maandishi mwaka 1845. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakujua. Fosforasi nyekundu, isiyodhuru taya, ilijulikana miaka hiyohiyo ya 1840, na baada ya muda mfupi Uswidi ikawa inauza kiberiti cha usalama, kile kinachowaka kwa kukwaruzwa ubavuni mwa kisanduku chake. Ugonjwa ulijulikana na mbadala ulikuwepo, lakini mkataba ulikuja baada ya miaka 60.

Kilichochelewesha jambo ni hofu ya bei ya jirani. Fosforasi nyeupe ilikuwa nafuu. Nchi ambayo ingeikataza peke yake ingeona viwanda vyake vikilemewa na viberiti vya bei rahisi kutoka nchi ambayo haijaikataza. Hoja hii haikuwahusu wenye viberiti pekee. Robert Owen, mwenye kiwanda cha nyuzi huko New Lanark, Uskoti, aliwaandikia wakuu wa dola za Ulaya waliokutana Aachen mwaka 1818 akiwasihi wawalinde wafanyakazi. Daniel Legrand, mwenye kiwanda wa Alsace, Ufaransa, alizituma barua kwa serikali mbalimbali kuanzia miaka ya 1840 akitaka zikubaliane sheria moja, ili mwajiri mwema asiadhibiwe sokoni kwa wema wake. Hakuna serikali iliyochukua hatua. Mimi huwaheshimu sana watu hawa wawili, kwa sababu wao wenyewe walikuwa waajiri na walijua hasa mahali kamba ilipokazwa.

Nchi chache zilijaribu peke yao. Ufini ilikataza fosforasi nyeupe mwaka 1872 na Denmark mwaka 1874. Uswisi ilifuata mwaka 1879, ikaifuta sheria yake muda si mrefu, kisha ikairudisha mwaka 1898. Uingereza ilisitasita. Mwaka 1888 wafanyakazi wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant & May, mashariki mwa London, wengi wao wanawake na wasichana, waligoma baada ya mwandishi Annie Besant kuanika ujira wao mdogo na faini walizokatwa. Walishinda: faini ziliondolewa, wakapewa chumba cha kulia mbali na vumbi la fosforasi. Fosforasi yenyewe ilibaki kiwandani. Miaka 10 baadaye kampuni hiyo ilitozwa faini kwa kutoripoti wagonjwa wake.

Mkutano wa kwanza wa serikali kuhusu kazi ulifanyika Berlin, Machi 1890. Uliishia kwenye maazimio yasiyomfunga yeyote. Kazi ya maana ilifanywa na watu wasiokuwa serikali: wasomi, maofisa na wapenda mageuzi walioanzisha chama cha kimataifa cha sheria za kazi mjini Paris mwaka 1900, na mwaka uliofuata wakafungua ofisi Basel chini ya Stephan Bauer, mchumi kutoka Austria. Walikusanya sheria za nchi mbalimbali, wakazitafsiri na kuzilinganisha. Kisha wakafanya uamuzi wa busara, wa kuanza na mambo machache yenye uwezekano mkubwa wa kukubalika. Ndipo kiberiti kilipochaguliwa. Madhara yake yalithibitika na sumu ilikuwa moja, inayotambulika. Tena mwaka 1898 Ufaransa, ambako viberiti vilikuwa biashara ya serikali, ilikuwa imepata mchanganyiko mwingine wa fosforasi na salfa unaowaka popote bila kuozesha taya. Hoja ya mteja kupenda njiti ya kukwaruza popote ikafa.

Hata hivyo ilibaki hofu ileile. Mkutano wa maandalizi wa mwaka 1905 uliweka sharti kwamba Japani, muuzaji mkubwa wa viberiti, nayo ijiunge. Japani haikukubali. Mwaka uliofuata nchi saba ziliamua kutoisubiri: Denmark, Italia, Luxembourg, Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani na Uswisi. Uzito wa mkataba wao umo katika kifungu cha kwanza, kinachokataza kutengeneza viberiti hivyo, kuviuza na pia kuviingiza nchini. Kwa neno hilo la mwisho, mshindani aliyebaki nje alipoteza soko, na kujitenga kukaanza kuwa hasara. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1908. Marekani, ambako serikali kuu ilionekana haina mamlaka ya kukataza moja kwa moja, ilipitisha mwaka 1912 kodi kubwa kiasi kwamba kutengeneza kiberiti hicho kukakosa faida. Kabla ya hapo, kampuni iliyomiliki hataza (haki ya pekee ya kutumia uvumbuzi) ya mchanganyiko salama nchini humo iliiachia hataza hiyo kwa ombi la Rais Taft, ili washindani wake nao wautumie.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba wa amani wa Versailles uliunda Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 1919. Utangulizi wa katiba yake unasema wazi kwamba taifa linaposhindwa kuweka hali za kazi za kiutu, huyakwamisha mataifa mengine yanayotaka kuboresha hali kwao. Ni hoja ya Legrand, safari hii ikiwa na saini za serikali. Mpya kabisa ilikuwa namna ya kupiga kura: kila nchi hutuma wajumbe wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi, na kila mjumbe hupiga kura yake mwenyewe. Mkutano wa kwanza, uliofanyika Washington mwaka huohuo, ulizitaka nchi wanachama zijiunge na mkataba wa Berne kuhusu fosforasi.

Mkutano huo pia ulipitisha Mkataba Namba 1, wa kazi za viwandani zisizozidi saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Huu haukuenda kama kiberiti. Nchi kadhaa ziliuridhia kwa sharti kwamba washindani wao waridhie pia, na Uingereza na Marekani hazijauridhia hadi leo. Fosforasi ilikuwa na mbadala ambao mwenye kiwanda angeweza kuununua. Saa ya mfanyakazi haina mbadala wa kununuliwa, na kila saa iliyopunguzwa huonekana katika hesabu za mwajiri.

Mkataba wa kwanza wa ILO kuridhiwa na nchi zote wanachama, 187, ni Namba 182 wa mwaka 1999, unaokataza aina mbaya kabisa za ajira ya watoto. Idadi hiyo ilikamilika Agosti 2020, Tonga ilipouridhia. Usalama na afya kazini, suala lililowakutanisha wajumbe wale wa Berne, liliingizwa miongoni mwa haki za msingi za ILO mwaka 2022. Tangu hapo nchi mwanachama inawajibika kuiheshimu haki hiyo hata kama haijaridhia mikataba yake.