Kabla ya kung'oa paa la shule ya zamani Lubumbashi

Kiangazi kimeanza, na malalamiko kuhusu kazi za ukarabati wa shule yameongezeka mezani petu, sisi tunaotoa ruhusa za kazi hizo. Tunawashukuru wazazi na wanafunzi wa zamani wanaochangia sekondari za Leta, yaani za serikali, ambazo majengo yake mengi yalisimama kabla ya 1960. Nia yao ni njema. Shida ni kwamba kazi huanza kwa kung'oa paa, kabla mtu yeyote hajauliza paa hilo ni la nini.

Paa na dari nyingi za miaka ile ni za eterniti, yaani saruji iliyochanganywa na amianti (asbestosi). Likiwa zima, bati hilo halina hatari kubwa kwa aliye darasani. Likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likitobolewa, hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambazo huingia mapafuni na kubaki humo. Kansa yake inaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au 40. Kwa hiyo “baba yangu alisomea chini ya eterniti hii, mbona ni mzima?” si jibu, na tumechoka kulisikia. Ubelgiji yenyewe ilipiga marufuku amianti mwaka 1998.

Kabla ya kung'olewa, eterniti hulowanishwa kwanza. Misumari hutolewa bila kupasua bati, vipande huteremshwa kwa mkono na kufungwa katika plastiki nzito. Mafundi huvaa barakoa za FFP3, zinazochuja vumbi laini sana. Kitambaa mdomoni hakizuii chochote. Wanafunzi wasiwepo. Vipande visigawiwe watu wa kuezekea vibanda vya kuku, wala visisagwe kufukia matope ya uwanja. Yote mawili tumeyakuta.

Sasa faili. Prefe, yaani mkuu wa shule, anatuandikia barua ya kuomba ruhusa, yenye muhuri wa shule, akiambatanisha hati ya kiwanja, ripoti ya hali ya jengo, michoro, devi (makadirio ya gharama), na maelezo ya mahali vifusi vitakapopelekwa. Faili likipokelewa hupewa namba. Bila namba halijapokelewa, hata kama mtu fulani kwenye korido aliwaambia “iko sawa”. Kazi iliyoanza bila ruhusa husimamishwa, na kilichojengwa kinaweza kubomolewa kwa gharama ya aliyekijenga. Huulizwa: shule ni ya Leta, Leta ijiombee ruhusa? Ndiyo, ijiombee.

Zikitumika fedha za umma, kuna pia Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 kuhusu masoko ya umma, yaani mikataba ya kazi na manunuzi ya Leta. Kugawa kazi moja vipandevipande ili kukwepa ushindani wa wakandarasi ni kosa, na soko lililotolewa hivyo linaweza kufutwa.

Manjanja mapya, yaani mabati ya chuma, ni mepesi kuliko eterniti, jambo ambalo kamati za wazazi hulisifia. Lakini upepo wa mvua za kwanza hunyanyua kilicho chepesi, hasa mbao za chini zikiwa zimeliwa na mchwa. Mbao zikaguliwe, mapaa yafungwe kwenye kuta. Na bila dari, mvua ikipiga manjanja mwalimu hasikiki.

Nyaya za umeme za zamani zibadilishwe zote, pamoja na waya wa ardhini, kabla ya kununua kompyuta.

Shule iliyo kituo cha Mtihani wa Taifa isiguswe hadi mtihani uishe. Na hatutatoa ruhusa ya kufungua paa ambalo, kwa kalenda ya mkandarasi mwenyewe, halitakuwa limefungwa kabla ya mvua kurudi.