Alumini nyeusi: tatizo huwa si rangi

Katika karakana za Kisumu, fremu ya alumini ikitoka zambarau au kijivu badala ya nyeusi, lawama huiangukia rangi: ni hafifu, iongezwe, au fremu ilowe usiku kucha. Sivyo. Rangi hii haikai juu kama ya brashi. Huingia kwenye vitundu vidogo mno vya tabaka la oksidi, ambalo umeme hulikuza alumini ikiwa ndani ya asidi ya salfuriki. Tabaka la unene wa mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) linatosha kwa rangi ya dhahabu. Weusi kamili unataka 20 au zaidi. Kwa umeme wa ampea 1.5 kwa kila desimita ya mraba ya fremu, hizo ni dakika 40 hadi 45 ndani ya asidi. Ukiitoa fremu mapema, rangi itakosa pa kukaa hata uiloweke wiki nzima.

Kibaya zaidi ni kuichemsha rangi ili ikolee. Rangi nyingi hufanya kazi karibu nyuzi 60. Maji yakikaribia kuchemka, vitundu hujifunga kabla rangi haijaingia. Mchemko huja mwisho, baada ya kusuuza, kuviziba. Ukiipangusa fremu kwa kitambaa cheupe chenye maji kikatoka cheusi, havijazibika.

Alumini ya kumwaga (iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) yenye silikoni nyingi ni habari nyingine: hutoka na mabaka, na hapo fundi asilaumiwe.