Mtangamano wa kiuchumi wa ASEAN: soko moja, milango kumi na mmoja

Neno "mtangamano" tumelizoea kwenye habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo tukisikia ASEAN, jumuiya ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, tunadhani ni jambo lilelile, ila upande mwingine wa dunia. Kuna tofauti moja kubwa, na ukiishika hiyo mengine yatakuwa mepesi.

Afrika Mashariki tuna umoja wa forodha tangu 2005: nchi wanachama zilikubaliana viwango vya pamoja vya ushuru kwa bidhaa zitokazo nje ya jumuiya (utekelezaji wake ni habari nyingine). ASEAN hawana. Wao wana eneo huru la biashara: wamefutiana ushuru wao kwa wao, lakini kwa mgeni kila nchi inajipangia. Walianza kupunguziana kwa makubaliano ya 1992. Kufikia 2010 wanachama sita wa zamani walikuwa wameondoa karibu ushuru wote. Vietnam, Laos, Myanmar na Kambodia walipewa muda zaidi. Jumuiya ya Kiuchumi ya ASEAN ikazinduliwa rasmi mwishoni mwa 2015, na Timor ya Mashariki ikajiunga na ASEAN mwaka 2025 kama mwanachama wa kumi na moja.

Sasa fikiria birika la umeme lililotengenezwa nje ya ukanda huo. Singapore haitozi ushuru kwa karibu bidhaa zote. Mjanja angelishusha pale, akalibandika lebo mpya, kisha akalivusha hadi Jakarta kana kwamba ni la nyumbani. Kinachomzuia ni karatasi: cheti cha uasili wa bidhaa, ambacho mawakala wa forodha wa huko hukiita Fomu D. Kwa kawaida bidhaa hukipata ikiwa angalau asilimia 40 ya thamani yake imetoka ndani ya ASEAN, au ikiwa malighafi ya kigeni imegeuzwa humo hadi ikawa kitu kingine kabisa. Lebo mpya haitoshi.

Uzuri wake ni kwamba asilimia hizo 40 zinaweza kuchangwa na nchi kadhaa. Hapo ndipo viwanda vya magari vilipoona faida. Toyota ilipopanga upya utengenezaji wa Hilux mwaka 2004, injini za dizeli zilitoka Thailand, za petroli Indonesia, na giaboksi za mkono zikatoka Ufilipino, pamoja na India iliyo nje ya ASEAN. Kwangu mimi, pikapu hiyo inaeleza mtangamano kuliko hotuba yoyote ya mkutano wa wakuu.

Mchele ni hadithi nyingine. Mkulima ana kura, hivyo serikali zimeuweka kando kama bidhaa nyeti. Sheria ya Ufilipino ya 2019 iliutoza mchele wa jirani zake wa ASEAN ushuru wa asilimia 35. Na kwa kuwa ASEAN huamua kwa maafikiano, si kwa kura, hakuna wa kumlazimisha mwenzake.

Kwa watu, mlango ni mwembamba zaidi. Yapo makubaliano ya kutambuliana sifa katika fani kama uhandisi, uuguzi, uhasibu na udaktari, ingawa hata huyo mhandisi bado atahitaji kibali cha nchi anayokwenda. Kibarua wa Myanmar anayemenya kamba wa baharini kiwandani Samut Sakhon, nje kidogo ya Bangkok, hayumo kabisa katika orodha hiyo.