Kujiamini Hakutafunwi: Maswali na Majibu kwa Vijana wa Malindi na Lamu

Kujiamini ni nini hasa?
Ni kujua kwamba jambo lililo mbele yako utaliweza, na ukilikosa hutaangamia. Si kelele wala majigambo. Huja baada ya kutenda, si kabla, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Nikitafuna muguka (majani ya kuchangamsha ya jamii ya miraa) kabla ya intavyu naongea vizuri. Ubaya uko wapi?
Mabishano ya mwaka 2024 ya kuupiga marufuku hapa Pwani yalikuwa ya sheria. Hapa tuzungumze mwili. Muguka, kama miraa, una kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha. Huharakisha moyo, hupandisha presha, na kukufanya uone kila wazo lako ni la maana. Wewe wajisikia unaongea vizuri. Anayekuhoji anaona mengine: kinywa kikavu, utando mweupe kwenye pembe za midomo, taya linasaga, na swali halijaisha jibu limeshatoka mbio. Usiku hulali. Kesho stimu imekatika, moyo mzito, na ule woga umerudi na nguvu zaidi.

Tena hata ukiipata kazi, sifa zote utaupa muguka. Siku ya kwanza kazini utatafuna tena, kwa sababu hujawahi kujiona ukiweza bila huo.

Basi mnazi kidogo? Au tembe moja ya kutuliza?
Hapana, na hapana tena. Pombe hutuliza saa chache, ikiisha mwilini wasiwasi hupanda. Diazepamu na wenzake huzoeleka ndani ya wiki chache. Mwili ukishazizoea, kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Tembe ya kuombwa kwa rafiki, au ya kununuliwa bila cheti cha daktari, usiimeze. Tafadhali, usiimeze.

Mwanangu ana haya. Si ndiyo malezi mema?
Haya ni njema, na Lamu tunaifunza watoto wangali wadogo. Lakini haya humzuia mtu na baya; woga humzuia na haki yake. Mwanafunzi anajua jibu na hanyoshi mkono. Msichana anashinda njaa kuliko kula mbele za watu. Kijana anaitazama simu ya mwajiri ikiita mpaka inakatika. Hali hiyo ikidumu miezi 6 na kuvuruga masomo, kazi au urafiki, huo ni ugonjwa wa hofu ya watu. Mara nyingi huanza wakati wa kubalehe, na unatibika.

Wazazi, acheni kusema "atakua, ataacha". Wengi hawaachi. Hukua wakijificha zaidi, na wanapoletwa hospitali shule imeshaachwa na muguka umeshakolea.

Nianzeje bila dawa?
Andika mambo 8 hadi 10 unayoyaogopa, na kila moja ulipe alama za woga, 0 hadi 10. Anza na lenye 3 au 4. Anayetaka kazi ya mapokezi hotelini anaweza kuanza kwa kuuliza bei ya kitu asichonunua, kisha kupita penye baraza iliyojaa watu na kusalimu mpaka aitikiwe, kisha kupiga simu badala ya kutuma ujumbe, mwisho intavyu ya majaribio mbele ya watu 3. Rudia hatua moja karibu kila siku mpaka alama zake zishuke nusu, ndipo upande nyingine.

Kinachoharibu zoezi ni kuondoka woga ukiwa kileleni. Ukikimbia hapo, ubongo unasadiki kwamba mbio ndizo zilizokuokoa. Kaa. Woga hupanda, husimama, kisha hushuka wenyewe. Miwani meusi, simu mkononi, rafiki wa kukusemea: viache nyumbani, maana hivyo navyo ni muguka wa aina nyingine.

Kabla ya kutoka andika unachotarajia, kwa mfano "wote watanicheka". Ukirudi, andika kilichotokea. Usiruke hatua hii.

Niende hospitali lini?
Hofu ikifika miezi 6. Huzuni ya karibu kila siku ikifika wiki 2. Au ukishindwa kukaa bila muguka, pombe au tembe. Ukiwaza kujiua, au ukisikia sauti wasizosikia wengine, nenda siku hiyo hiyo, usiende peke yako. Lamu anza hospitali ya King Fahd, Malindi hospitali ya kaunti ndogo, na useme wazi unataka huduma ya afya ya akili. Tiba ya mazungumzo huchukua takriban vikao 12 hadi 16. Daktari akiona unahitaji dawa ya kila siku, mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6 kufanya kazi, kwa hiyo usiitupe wiki ya pili. Aliyenaswa na ulevi anaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Ukifika kwa daktari, taja kila unachotafuna, unachokunywa na unachomeza, pamoja na kiasi chake. Ukificha, unaweza kuandikiwa dawa isiyopatana nacho.