Moyo ukidunda vibaya na karatasi ya kipimo ikikutisha

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki ya moyo hawaanzi kwa kueleza wanavyojisikia. Wanafungua bahasha. Ndani mna karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, yenye vimraba na mistari ya kupanda na kushuka, na juu yake mashine imechapa kwa Kiingereza kwamba kipimo hiki si cha kawaida. Mtu ameyatafuta maneno hayo kwenye simu usiku kucha, na anapoketi mbele yangu moyo unamwenda mbio kuliko siku aliyopimwa.

Maneno yale hayakuandikwa na daktari. Yameandikwa na programu ya mashine, na programu hiyo imetengenezwa ili isipitwe na ugonjwa, hata ikibidi kumshuku asiye nao. Vijana wengi weusi wenye afya njema, hasa wanamichezo, wana mawimbi ambayo mashine huyatilia shaka ilhali kwao ni maumbile. Kuna ambao mapigo yao hupanda wanapovuta pumzi na kushuka wanapoitoa. Mashine huandika kwamba hayaendi sawa, na hilo nalo si ugonjwa. Waya zikibadilishwa tu, wa mkono wa kulia ukawekwa kushoto, karatasi inaweza kumfanya mzima aonekane mgonjwa.

Lakini na karatasi safi isikulaze usingizi. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na ECG ya kawaida hunasa sekunde 10 tu, yaani mapigo kumi na kitu. Kama moyo wako hukimbia Jumanne usiku, nawe ukapimwa Alhamisi asubuhi umetulia, tulichokiona ni Alhamisi. Ndiyo maana wengine huvishwa kifaa kidogo kiitwacho Holta kwa saa 24 au zaidi, waende nacho nyumbani na kazini.

Kinachonisikitisha zaidi ni ripoti ya eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Humo kuna herufi EF, yaani sehemu ya damu inayosukumwa nje kwa kila pigo, na namba, tuseme asilimia 60. Watu huisoma kama alama za mtihani: kumbe moyo wangu umebaki sitini! Wapo wanaoacha shamba, wapo wanaoanza kugawa mali. Jamani, moyo haujiminyi hadi ukauke. Kila pigo hutoa zaidi kidogo ya nusu ya damu iliyomo kwenye chumba kikuu cha kushoto, nyingine ikabaki. EF ya 55 hadi 70 ni ya moyo unaosukuma damu vizuri. Vivyo hivyo, valvu, yaani milango ya moyo, kuvuja kidogo sana huonekana kwa watu wengi wasio na tatizo lolote.

Sasa dalili yenyewe. Wengi husema moyo "umeruka", kisha ukapiga kishindo kimoja kizito. Pigo limekuja kabla ya wakati wake, moyo ukapumzika kidogo, ukajaa damu zaidi, na pigo lililofuata likawa na nguvu. Kwa mwenye moyo mzima, mara nyingi halina madhara. Huzidi kwa kukosa usingizi, pombe, kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi.

Mbio zinazoanza ghafla kama taa iliyowashwa, mapigo 150 au 200 kwa dakika, kisha zikakatika ghafla, ni jambo jingine. Mara nyingi ni njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo. Daktari anaweza kuichoma njia hiyo kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na wengi hupona kabisa.

Wakati mwingine moyo hauna kosa lolote. Mwanamke mwenye hedhi nzito anaweza kuzunguka miezi akitafuta ugonjwa wa moyo, kumbe damu imepungua. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, homa, ujauzito, dawa ya pumu ya kuvuta, baadhi ya dawa za mafua, vidonge vya presha vya kukojoza vinavyopunguza potasiamu: vyote hivi huubadilisha mwendo wa moyo. Wasiwasi pia. Ila nawaomba wenzangu tusimwambie mtu "ni mawazo tu" kabla hatujampima.

Mwendo ninaouogopa ni ule usio na mpangilio kabisa, pigo hili karibu, lile mbali. Kwetu huwapata hata vijana ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na maambukizi ya koo utotoni. Damu hutuama kwenye moyo na kuganda, bonge likapanda kichwani, mtu akapooza upande mmoja. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa sababu anajisikia vizuri.

Usisubiri kliniki kama moyo kwenda mbio kunaambatana na kuzimia, maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Nenda hospitali mara moja. Na ukizimia ukiwa unakimbia au unacheza mpira, au kama katika ukoo wenu kuna kijana aliyeanguka akafa ghafla, mwambie daktari mapema, hata asipouliza.

Moyo ukianza kudunda vibaya, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, uhesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Andika saa, ulikuwa unafanya nini, umekunywa nini. Ukija, nigongee mezani ule mwendo kama ulivyousikia. Mara nyingi hapo ndipo napata pa kuanzia.

Na ile bahasha njoo nayo, pamoja na karatasi za zamani, hata za miaka mitano iliyopita. Mstari unaotutia shaka leo, ukiwa ulikuwapo vile vile wakati huo nawe ukiwa mzima, mara nyingi hutupunguzia hofu sote wawili.